Matembele ya Mwambani

Observatory, Johannesburg
3 Machi 2024

Mayasa,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimekuitikia mapema ili usiseme bibi yako kaja na ugomvi mtupu.

Hapa sote wazima. Baba yako Twalib bado yuko kwenye lile duka la matairi Randburg, anatoka gizani, anarudi ananuka mpira, anakula, analala. Nikimwuliza habari za kazi ananijibu "sharp, mama", basi, habari imekwisha. Mama yako mguu umepoa. Umeme unakatika na kurudi kama mgeni asiye na adabu, tumeshauzoea.

Barua hii anakuletea Mwanaharusi, yule wa Tanga anayefanya biashara ya mablanketi, anapanda basi Jumatano. Ukimwona mpe chai, usimsimamishe mlangoni. Na usiniulize kwa nini situmii simu. Mara ya mwisho nilikutumia sauti, wewe ukaifungulia spika mbele ya wenzako wa ofisini, wakacheka ninavyokukaripia kwa kuoga maji baridi. Sauti yangu si tangazo la mpira. Tangu siku ile niliapa utanisoma. Nilifika darasa la tatu nikaongeza kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa baba yako aliyemaliza shule.

Sasa nisikilize. Ni habari ya matembele yangu ya mwambani. Hujayasahau, natumaini, maana umekua ukiyaruka kila siku: yale yanayotambaa kilimani nyuma ya nyumba, jani lake kama tembele la mboga lakini gumu, ua kama faneli, linafunguka asubuhi na kufunga kabla ya adhuhuri. Yule mama wa chuo kikuu aliyekuja mwaka ule kuyapiga picha alisema ni adimu, yamebaki mahali pachache sana kwenye vilima vya mji huu. Mimi sikungoja kuambiwa. Ni yale yale ya kwetu Mtae, ya ule mwamba wa juu ya kisima tulipokuwa tunaanika maharage.

Basi wamekuja watu wa kilima. Ni wenyeji wa mitaa hii wanaookota takataka juu huko Jumamosi, wamejifanyia chama. Wanataka niwafungulie lango la uani mwezi wa nane, wapitishe mipira ya maji, kwa sababu upande wa pili ni genge la mawe, mteremko mtupu, na hakuna mahali pengine pa kusimama. Nikauliza maji ya nini. Ya kulinda nyumba, wakasema, kwa sababu wanataka kuchoma kilima. Kuchoma. Walisema hivyo wakiwa wamekaa kwenye kiti changu, wanakunywa chai yangu.

Nimewaambia lango halifunguki.

Wewe uko huko huko, msitu ndio kazi yako. Panda mpaka kwenye mwamba wa kisima uniambie kama matembele yamechanua. Ya kwangu mwaka huu yamechanua mpaka wapita njia wanasimama.

Msalimie mdogo wangu Sumaiya. Mwambie asikupe chai ya rangi kila siku, ng'ombe anaye. Vaa sweta.

Bibi yako,
Zabibu


Mtae, Usambara
16 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Na Idi njema iliyokwisha pita. Barua yako niliipata katikati ya Ramadhani. Mwanaharusi nilimpa futari kabisa, si chai, na alikula vizuri, kwa hiyo hapo huna la kunisema.

Sisi hatujambo. Bibi Sumaiya anakohoa kidogo kwa ajili ya ukungu lakini anapanda na kushuka kunishinda. Siku ya Idi alipika pilau akalia kidogo, akasema mwaka gani tena dada yake atakula naye. Nimekuandikia hivyo hivyo alivyosema. Kazini kitaluni tunaotesha miche ya miti ya asili. Maji baridi siogi tena.

Kuhusu mwamba, Bibi, mvua za masika zimekuwa nyingi na njia ya kisimani inateleza sana. Nitakwenda kukikauka.

Nilitaka kukuuliza kidogo. Hayo matembele yako maua yake ni rangi gani hasa? Mimi nakumbuka kama waridi, lakini nilikuwa mtoto. Na majani ya nyasi yanayoyazunguka ni marefu kiasi gani siku hizi? Na ukipata nafasi nitumie jani moja ndani ya barua, lililokauka.

Watu wa kilima usiwafukuze kwanza. Wasikilize tu.

Mjukuu wako,
Mayasa


Observatory
19 Mei 2024

Mayasa,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa karafuu, nyumba nzima inanukia. Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya barua yako.

Nimekuuliza mwamba, umenijibu mvua. Mimi nilizaliwa kwenye mvua hiyo. Njia ya kisimani nilikuwa naipanda na ndoo kichwani na shangazi yako mgongoni, leo wewe mwenye viatu vya serikali unaniambia inateleza.

Baba yako hajambo. Mama yako ameanza kusuka watu nywele sebuleni, nakalia nywele za watu nisiowajua. Babu yako Mwadini tumemsomea hitima ya mwaka, walikuja wengi, na watu wa Zanzibar wale wa Newtown aliokuwa anashona nao walileta mikate ya kumimina. Alikuwa akikuita mke wake mdogo, unakumbuka, kwa hiyo wewe ni mke mwenzangu na nina haki ya kukusema mpaka nichoke.

Nimekuwekea jani. Rangi ya ua unaniuliza ya nini? Ni rangi ya ua.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza, kwa sababu naona unayachukulia matembele haya kama maua ya kwenye kopo. Nilipoletwa hapa na babu yako, mwaka wa tisini na tano, sikujua hata kuomba chumvi dukani. Yeye anatoka asubuhi kwenda Newtown kwenye cherehani yake, mimi nabaki na kuta. Mwezi wa kumi na moja nikapanda kilima hiki kutafuta kuni, maana nilidhani watu wa hapa nao wanatafuta kuni. Nikayakuta yamelala juu ya mawe, yamefunguka. Niliyaamkia kwa Kisambaa, kwa sauti, kama nimekutana na shangazi yangu sokoni. Sikuwa nimemwamkia mtu kwa Kisambaa tangu Tanga.

Tangu mwaka ule nayatunza. Kila kipupwe kinapoingia nafagia mduara kuyazunguka mpaka udongo uwe mweupe, moto usivuke. Vijana wakiwasha moto juu huko nautokea na gunia lililolowa. Nyasi kavu za ndani ya mduara siziondoi hata ubua mmoja, nayatandazia yasipigwe na baridi, kama tunavyotandazia mimea kwetu. Kwetu mtu akichoma mlima anapelekwa kwa jumbe na mkewe anaona haya kwenda kisimani. Moto mlimani ni kazi ya mtu asiye na kwao.

Amekuja kijana mmoja, Pacifique, kwa habari ya lango. Ni Mkongo wa Lubumbashi, analinda yale maghorofa ya kwenye kona, na mchana badala ya kulala anafuatana na watu wa kilima. Wamemtuma yeye kwa sababu anajua Kiswahili, hata kama ni Kiswahili cha kwao.

"Mama," ananiambia, "siye tunaomba tu njia."

"Njia ipo barabarani, pale kwenye robot, kwenye taa za magari, kata kushoto."

"Mama, ile nyasi iko mukavu sana. Siku moja mutu atatupa sigara, itawaka yote, itakuja mpaka kwa nyumba yako. Afazali tuiwashe siye, kidogo kidogo, na maji iko karibu."

"Na matembele yangu?"

"Ile maua? Inatoka chini tena."

"Wewe umeyaona yakitoka chini?"

Akatikisa kichwa. Ni kijana mkweli, hilo nampa. Nilimfungia ndizi za kukaanga akaondoka nazo. Lango nimelitia kufuli.

Nenda kwenye mwamba.

Zabibu


Mtae
23 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Idi ya kuchinja imepita salama. Bibi Sumaiya alichinja beberu mkaidi, akampa jina la mtu ambaye sitamtaja, akasema wanafanana tabia. Anakusalimu sana. Kikohozi kimekwisha.

Jani nimelipata. Asante. Nimelibana kwenye kitabu.

Bibi, naandika hivi kwa adabu zote. Baba alinitumia picha ya kilima kwenye simu. Usimkasirikie, nilimwomba mimi. Nimeitazama sana. Ndani ya mduara wako naona nyasi kavu tu, zimelaliana kama godoro. Sioni tembele hata moja. Nikamwuliza baba maua yalionekana lini mara ya mwisho, akasema nimwulize mwenyewe.

Nakuuliza mwenyewe.

Nilivyosoma, na nilivyoona kwa walimu wangu, kuna mimea ya kwenye nyasi ambayo mizizi yake ni mikubwa na imelala chini kama muhogo. Nyasi kavu zikirundikana miaka kwa miaka, haipati jua. Inatoa kijiti chembamba, inatafuta mwanga, haiupati, inarudi chini. Kila mwaka inarudi ikiwa imedhoofika kidogo. Moto wa kipupwe ukipita haraka unaondoa lile godoro, na mzizi uko salama chini. Mvua ikija inachipua. Naogopa kwamba matembele yako hayana miaka mingi ya kungoja.

Bibi, wafungulie lango.

Ya mwamba nitakuandikia, naahidi.

Mayasa


Observatory
7 Julai 2024

Mayasa,

Sote wazima.

Twalib nimemsema mpaka ameomba kwenda kulala kazini. Mtoto niliyemzaa ananichungulia na simu uani kwangu.

Umekwenda chuo cha misitu ukarudi unanifundisha kuchoma mlima. Kama ningejua ndiyo elimu yenyewe ningekuacha usuke nywele na mama yako. Na huo muhogo wako umeuona wapi? Kwenye matembele haya au kwenye kitabu? Mimi nimekaa nayo tangu mama yako hajaolewa.

Yamechanua lini ni shauri langu na yeye aliyeyaumba.

Nimekuuliza neno moja tangu mwezi wa tatu. Mtu anayeweza kuniandikia ukurasa mzima wa mizizi anashindwa kupanda mpaka kisimani. Usiniandikie tena kama huna jibu la mwamba.

Zabibu


Mtae
20 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Jibu la mwamba ninalo. Nilikuwa nalo kabla hujauliza, ndiyo sababu nilikuandikia habari za mvua.

Mwamba haupo. Waliuvunja miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya kokoto za msingi wa madrasa. Waliouvunja ni baba zangu wadogo, watoto wa Bibi Sumaiya. Yeye alikuwa Tanga hospitali, akarudi akakuta umeshapasuliwa. Madrasa ni nzuri na watoto wanasoma, sijui nikuambie nini zaidi. Alitukataza wote kukuambia. Nilipomwonyesha barua yako ya mwisho alikaa jikoni muda mrefu hakupika, kisha akasema, "Mwandikie. Nitayapokea maneno yake."

Siku ya pili yake aliniambia kuna mahali pengine, upande wa genge linalotazama bonde, ambapo mbuzi hawafiki. Nilikwenda na wenzangu wawili wa kitaluni, kwa kamba. Bibi, yapo. Ni machache, yameshika kwenye ufa ambao maji yanachuruzika siku zote, kwenye ukungu. Mwamba wote ni wa kijani kwa kuvu, ukiugusa mkono unalowa. Pale moto haujafika na hauwezi kufika. Yalikuwa na ua moja, jeupe tupu mpaka ndani.

Nilichukua jani moja nikashuka nalo, nikaliweka karibu na jani lako.

Hayafanani, Bibi. La huku ni laini, lina manyoya chini, limekatwa kama moyo. Lako ni gumu, jembamba, halina manyoya. Nilimpelekea mwalimu wangu yote mawili bila kumwambia yametoka wapi. Alisema ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa viazi vitamu, lakini hawajawahi kuishi pamoja. La huku ni la mwamba wenye maji. Lako ni la nyasi za nyanda za juu za huko, nchi inayokauka kipupwe na kuungua, nalo limejifunza kuungua nayo.

Kwa hiyo uliyoyafanya yote ni sahihi kwa matembele ya kwetu. Kutandaza, kuzuia moto, yote. Ila hayo yako si ya kwetu. Ni ya hapo ulipo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwanaharusi amesema atakupa mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Mayasa


Observatory
25 Agosti 2024

Mayasa,

Marahaba, maana katika barua yako umeniamkia na mimi sikuitikia kwa siku nyingi.

Hatujambo. Baba yako amerudi kula mezani. Mama yako amempata mteja Msomali mwenye nywele hata hazihitaji kusukwa, anakuja kuzungumza tu. Baridi ya mwaka huu ilivunja bomba la uani.

Mwambie Sumaiya hivi, na umsomee neno kwa neno: Mwamba ulikuwa wa baba yetu, na watoto wake ni watoto wangu, na madrasa ni madrasa. Ila kunificha miaka mitatu, mimi dada yake niliyembeba, hilo nitalisema uso kwa uso na ajiandae. Basi.

Sasa ya huku.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya msahafu, nikasema mtoto huyu anasema uongo. Nilifikiri umelitunga hilo jani ili nifungue lango. Nikakaa hivyo siku kadhaa, nakupikia maneno. Kisha asubuhi moja nikaenda mwenyewe kilimani. Nilipiga magoti ndani ya mduara wangu. Nikanyanyua zile nyasi kavu kwa mikono miwili, zikanyanyuka kipande kizima, kweli kama godoro. Chini yake mlikuwa na unyevu na harufu ya stoo. Na vijiti. Vyeupe, vyembamba kama mchicha ulioota chini ya sufuria. Nilikifuata kimoja kwa kidole mpaka ardhini, nikachimba kwa kijiko cha jikoni. Nikafika kwenye mzizi.

Mayasa, ule mzizi ni mnene kuliko kifundo changu cha mguu. Nilikuwa napita juu yake tangu tisini na tano. Niliukwaruza kwa ukucha, ukatoa maziwa. Nikaufukia, nikakaa pale mpaka jua likanipata mgongoni.

Siku hiyo hiyo nilimngoja Pacifique akitoka zamu. Alikuwa na usingizi mpaka anatembea upande upande.

"Mutachoma lini?" nikamwuliza kwa Kiswahili chake ili asijifanye hajasikia.

"Mama?"

"Nakuuliza siku. Na maji nayafungulia mimi, msiguse koki yangu, mtaivunja."

Walikuja Jumatano, upepo umelala. Mkuu wa zimamoto wa eneo alisimama nao. Wamebeba fito zenye vipande vya mpira wa tairi mwishoni, vya kuupiga moto, na baadhi baba yako aliwatengenezea, hakuniambia. Walitaka nikae ndani. Nikawaambia moto utakaokuja kwenye matembele yangu hautanikuta kitandani. Nikaweka kiti langoni, nikalowesha kanga nikajitanda.

Walianza kwa juu, moto ukashuka taratibu ukisinzia. Ulipofika kwenye mduara wangu ulisimama kwenye ule udongo niliofagia. Haukuvuka. Miaka yote hiyo mduara ulifanya kazi yake vizuri kabisa, Mayasa, nataka ulijue hilo. Ilibidi Pacifique aruke aingie ndani na kiberiti. Alinitazama kwanza. Niliitikia kwa kichwa.

Uliwaka kwa muda mfupi kuliko chai kuchemka. Sauti yake kama mtu anachana kanga mpya. Kisha moshi, kisha weusi.

Nilikwenda nikasimama pale, viatu vinanuka. Pacifique akaja.

"Mama, moto imekula haraka."

"Imekula nini?"

"Nyasi tu. Chini iko baridi. Weka mukono."

Niliweka. Ni kweli, juu jivu la moto, chini yake udongo baridi. Niliuacha mkono pale. Yule kijana akasimama kando yangu akatazama upande mwingine, amelelewa vizuri.

Sasa ni peusi. Nikifungua dirisha la jikoni naona peusi. Sijui nimefanya nini. Usiniandikie kunituliza.

Zabibu


Mtae
22 Septemba 2024

Shikamoo Bibi,

Sikutulizi. Nakupa habari tu.

Bibi Sumaiya nilimsomea neno kwa neno kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Uso kwa uso ni huku, hapa mlimani. Mwambie apande basi, mimi sina mbio." Tangu siku hiyo anaimba jikoni.

Kule kwenye genge ofisi yetu imekubali kupaandika kuwa mahali pa kulindwa. Kibao hatukuweka, kibao huwaita watu. Mzee mmoja wa mbuzi amesema yeye ndiye kibao.

Mvua zenu kwa kawaida zinaanza lini, mwezi wa kumi? Nimeandika kwenye kalenda ya kazini "mvua ya Johannesburg". Wenzangu wananicheka.

Mayasa


Observatory
1 Desemba 2024

Mayasa, mke mwenzangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwa mdogo wangu. Mwambie nimesikia habari za basi. Nikija nakuja na mfuko wangu wa maneno, asafishe masikio.

Sote wazima. Baba yako ameongezewa kazi, mama yako ameniondolea nywele kwenye kiti changu, joto limeingia.

Mvua ilichelewa. Ilikuja mwisho wa Oktoba na radi zake, ile mvua ya hapa inayopiga bati kama inadai kitu, halafu jua. Wiki ya kwanza kilima kikawa kijani chepesi, nyasi changa, na maua mengine madogo ya manjano ambayo sijawahi kuyaona hapo, na mimi ninaishi hapo. Ndani ya mduara hakukuwa na kitu. Nilikwenda kila asubuhi. Pacifique akitoka zamu anapitia langoni, ananitazama usoni anajua, anakwenda kulala.

Kisha yakatoka, mekundu kwanza, yamekunjwa kama vidole vya mtoto mchanga. Hayakutoka mahali pamoja. Yalitoka ndani ya mduara, na nje ya mduara, na chini karibu na lango pale ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Yameenea kilima chote, yalikuwa yamelala tu. Na mimi nilikuwa nafagia mpaka wa nchi ambayo wala haikuishia hapo.

Jumatatu asubuhi yalifunguka. Nilijaribu kuyahesabu nikaacha, si adabu.

Uliniuliza rangi mwezi wa nne, nikakukaripia. Sasa nakujibu. Ni waridi, na koo lake ni la zambarau iliyokolea. La kwetu ni jeupe. Nilikuwa nikijua. Tangu siku ya kwanza nilipoyaona nilijua, nikajiambia ni jua la huku limeyababua. Mwaka wa pili nikajiambia ni udongo. Baadaye sikujiambia kitu tena, niliyaamkia tu. Usiniulize zaidi ya hapo.

Niliita watu waje kuona. Walikuja watu wa kilima na yule mama wa chuo kikuu, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake nyeupe, akapiga picha mpaka simu ikazima. Niliwapa chai na vitumbua. Waliniuliza kama baada ya miaka miwili watapata tena njia. Nikawaambia waulize wakati ukifika, wasinizoee.

Kisha nikafanya jambo ambalo utacheka. Ng'ambo ya barabara anakaa bibi mmoja Mzulu, MaKhumalo, mwenye spaza, kile kiduka cha dirishani, unamjua, ulikuwa unanunua kwake pipi. Tumepungiana mikono tangu nilipokuja, hatujawahi kukaa. Nilikata kijiti kimoja chenye ua nikavuka nacho. Kiingereza changu na chake ni nusu nusu, tukajumlisha. Nikamwonyesha ua, nikamwuliza, hili kwenu mnaliitaje?

Alilichukua akalinusa. Alicheka, akaniambia alikuwa analiona kwao milimani akiwa msichana, na mizizi yake walikuwa wakiifahamu. Alinivutia kreti ya soda nikaketi. Akalitaja jina, polepole, nikarudia vibaya. Akalitaja tena. Wateja wawili walingojeshwa mkate.

Jina hilo siwezi kukuandikia. Katikati yake kuna mahali ulimi unagongwa juu ya kaakaa kama mtu anayezibua chupa, na herufi ya sauti hiyo hatukufundishwa kisomoni. Wewe umezaliwa hapa, utaliweza mara moja, na utanicheka. Mimi nimelitamka jikoni mchana kutwa nikiosha vyombo, mpaka baba yako akachungulia mlangoni akauliza namwita nani.

Nikamwambia nimekaa naye karibu miaka thelathini bila kumwita kwa jina lake, aniache nijifunze.

Bibi yako,
Zabibu